Kroshia ya Tanga yagonga mwamba Liuhua

Mwenye duka aliinyanyua ile nguo kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma na mbele, akaivuta kidogo aone kama inarudi, kisha akatikisa kichwa. Alisema maneno machache kwa Kichina. Kijana wa Ujiji aliyekuwa amesimama katikati yetu akayatafsiri kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba: "Mama, anasema mashine haiwezi."

Mama aliyeambiwa hivyo alikuwa ametoka Tanga siku tatu kabla, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya siku ya tisa. Fedha aliyokuja nayo ilikuwa ya kikundi cha wanawake kumi wa Ngamiani, waliochanga kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Kazi aliyotumwa ilikuwa moja: kutafuta kiwanda kitakachotoa nguo yake ya kroshia kwa wingi, vipande 300 kwa kuanzia, ili viuzwe katika maduka ya hoteli za Zanzibar na kwa jamaa walioko nje.

Sisi tulikuwa tumekutana naye asubuhi hiyo hiyo, na kwa kweli tulikuwa tumekuja Liuhua kuandika habari nyingine kabisa, juu ya bei za kago. Habari ya kago tukaiacha.

Kwa wasiopajua, Liuhua ni mtaa ulio mbele ya kituo kikuu cha treni cha Guangzhou, kusini mwa China. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1974, na mwaka huo huo jumba kubwa la maonyesho la Liuhua, lililo umbali mfupi kwa miguu, lilianza kupokea Maonyesho ya Canton, yale maonyesho ya biashara yaliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa mlango mkuu wa China wa kuuzia bidhaa zake nje. Maonyesho yalihamia Pazhou, ng'ambo ya mto, na tangu mwaka 2008 hayafanyiki tena Liuhua. Hata hivyo wauza nguo hawakuhama. Jengo la Baima, ambalo kwa Kichina maana yake ni Farasi Mweupe, lilifunguliwa mwaka 1993, na likazungukwa na mengine, likiwamo Hongmian, hadi mtaa mzima ukawa soko moja la jumla lenye ghorofa juu ya ghorofa. Kila chumba ni duka, na kila duka lina kikokotoo mezani kwa ajili ya wateja wasiojua Kichina.

Waafrika Mashariki wanaofika Guangzhou wengi hulala Xiaobei, kituo kimoja tu kwa treni ya chini ya ardhi, ambako unaweza kusikia Kiswahili cha Kariakoo, cha Eastleigh na cha Bukavu katika kichochoro kimoja. Siku ya Ijumaa wengi huenda kuswali karibu na bustani ya okidi, pale penye kaburi linalosemwa kuwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanalitilia shaka jambo hilo, lakini msikiti hujaa hadi watu wakatandika miswala nje.

Idadi yao siyo ile ya zamani. Polisi wa Guangzhou walihesabu Waafrika wapatao 16,000 mwishoni mwa mwaka 2014. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wakuu wa mji walitaja zaidi kidogo ya 4,500, na ni mwezi huo huo ambapo Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walizopanga, hata mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Kijana wetu wa Ujiji alilala nje usiku mbili. Haipendi habari hiyo, na tulipoigusa alituonyesha tu daraja alilolala chini yake, akaendelea na mazungumzo ya bei.

Turudi kwenye nguo. Ukiitazama mara ya kwanza unaona kitambaa cha kufuma kama vile tulivyokua navyo majumbani, vile vya kutandika juu ya meza, juu ya redio na kwenye migongo ya makochi. Nani asiyevikumbuka? Kila mgeni aliyeegemeza kichwa alikivuta kitambaa kikaanguka, na mama wa nyumba akakirudisha bila kusema neno. Mama huyu alianza kwa kufuma hivyo hivyo, akiwa msichana wa shule, kwa sindano ya ndoano aliyopewa na shangazi yake. Alifuma kwa ajili ya harusi za watu kwa miaka 20.

Baadaye soko likafa. Makochi ya siku hizi yana vitambaa vyake, redio imekuwa simu, na vitambaa vya meza vya plastiki vyenye maua yaliyochapwa vinauzwa kwa bei ya soda mbili. Akabaki na ufundi usio na mnunuzi. Ndipo, anasema, alipoanza kujiuliza ni nguo gani ambayo mwanamke wa pwani hawezi kuiacha hata ubadilike mtindo namna gani, na jibu likawa amejifunga nalo kiunoni.

Kanga, ndugu msomaji, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kila kipande kina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Haina juu wala chini isipokuwa lile jina lake, haina mkono wala kola. Kwa sababu hiyo inakuwa nguo yoyote utakayo: unajifunga kiunoni, unajitanda, unajifunga lubega, unabebea mtoto, unafunikia maiti. Fundi akishakata mikono na shingo, nguo imeshaamuliwa itakuwa nini. Kanga haijaamuliwa bado.

Akatengeneza kroshia isiyoamuliwa. Ni miraba 24, kila mmoja sentimita 20 kwa 20, iliyopangwa minne kwa sita, na kufanya kitambaa cha sentimita 80 kwa 120. Ila katikati hakushona. Pale miraba 12 inapokutana na 12 mingine amepitisha kamba ya uzi ule ule kwenye matundu, na kamba ikichomolewa kitambaa kinakuwa vipande viwili, doti. Viweke kimoja mbele na kimoja nyuma, unganisha mabegani kwa vifungo, funga kamba ubavuni: umepata blauzi pana. Virudishe pamoja: umepata mtandio, au sketi ya kujifunga juu ya nguo ya kuogelea, au, kama umechoka na mitindo, kitambaa cha meza.

Alituonyesha yote hayo kwenye ngazi za jengo, bila kioo, akimvalisha mke wa Mkongo mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wake. Watu wakasimama. Kijana wa Ujiji akamwomba aache, kwa sababu tulizoziona baadaye.

Ubunifu wa namna hii una mambo ambayo jicho halioni upesi. Kwanza, mraba unaofumwa kuanzia katikati kwenda nje kwa mizunguko unafanana pande zote nne, kwa hiyo haijalishi utaugeuzia wapi. Lakini una mgongo na uso, kwa kuwa mkono unazunguka upande mmoja tu. Mama huyu hugeuza kazi kila anapomaliza mzunguko, ili vitanzi vya mzunguko mmoja viangalie mbele na vya pili viangalie nyuma. Mwishowe hakuna mgongo. Mtandio ukipinduliwa na upepo wa Forodhani hauoneshi aibu.

Pili, hakutoboa tundu hata moja la kifungo. Kroshia yenyewe ni matundu. Akachagua vifungo vya ukubwa unaopita kwa kubana kidogo kati ya nguzo mbili za uzi, hivyo kifungo kinaingia popote, na mwenye mabega mapana na mwenye mabega membamba huvaa nguo moja. Tatu, mzunguko wa mwisho wa kila mraba ni wa rangi moja, bluu iliyoiva, hata kama ndani ya mraba kuna rangi gani. Hilo alilichukua kwenye pindo la kanga. Anasema kanga yenye mji wenye fujo huokolewa na pindo.

La nne alijifunza kwa hasara. Pamba hunyooka kwa uzito wake yenyewe. Blauzi ya kwanza aliyomfumia mteja ilifika kiunoni asubuhi na ikafika magotini jioni. Tangu hapo hufuma mraba wa majaribio, huufua, huuanika, kisha huutundika usiku kucha ukiwa na vibanio viwili vya nguo upande wa chini, na asubuhi huupima tena kwa rula. Uzi ukinyooka kupita kiasi anabadilisha sindano, anachukua nyembamba zaidi, au anakataa uzi huo kabisa. Tumekutana na wabunifu wenye shahada ambao hawafanyi hivyo.

Sasa, kwa nini mashine haiwezi? Swali hili tulimuuliza mwenye duka, tukawauliza wengine wawili katika jengo la jirani, na majibu yao yanaafikiana na wanavyosema mafundi duniani kote. Mashine ya kufuma sweta hushikilia vitanzi vingi kwa mamia ya sindano zilizopangwa mstari, na kuvivusha pamoja. Kroshia ni kitanzi kimoja tu kilicho hai. Ndoano huingia popote fundi anapotaka, juu, pembeni, nyuma ya nguzo, hata katika tundu la mizunguko miwili iliyopita, ikavuta uzi na kutoka. Hadi leo hakuna mashine iliyoingia kiwandani inayofanya kazi hiyo kama mkono unavyoifanya. Zipo mashine za kufuma lesi zinazotoa kitu kinachofanana nayo, na hicho ndicho kilichojaa kwenye vibanda vya Liuhua: blauzi nyeupe za matundu, magauni ya ufukweni, vesti za viraka. Ukiigeuza ndani utaona pindo zimekatwa kwa mkasi na kupitishwa ovaloki. Kroshia ya kweli haikatwi, inaishia pale fundi alipoifunga.

Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Kila kroshia ya kweli unayoiona dukani, hata ile ya bei ya chupa ya mafuta, ilishikwa na mikono ya mtu kwa saa nyingi. Bei ikiwa ndogo mno, aliyepunjwa ni mtu huyo.

Na hii siyo habari mpya. Wakati wa njaa ya viazi iliyoanza Ireland mwaka 1845, masista na mabibi wa makanisa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya kroshia ili wapate cha kununulia chakula, na lesi hiyo ikavaliwa na matajiri wa London na Paris. Huku Guangdong kwenyewe, katika mji wa Shantou, wamisionari walileta kazi za lesi na kudarizi mwishoni mwa karne ya 19, na vitambaa vya meza vya Shantou vikasafirishwa nje kwa miongo mingi. Inawezekana kabisa kwamba vitambaa vya masista wa kwetu na vya masista wa huku ni watoto wa mama mmoja. Wachina huita ndoano hiyo gouzhen, yaani sindano ya kulabu, na Mswahili asingeweza kuipa jina la wazi zaidi.

Mitindo ya Ulaya imekuwa ikiichukua kroshia na kuitupa kama mpenzi asiyetulia. Ilitamba miaka ya 1960 na 1970 pamoja na suruali pana za chini. Ikarudi kwa kishindo mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani. Sweta moja ya viraka ya rangi rangi ya JW Anderson, iliyovaliwa na mwanamuziki Harry Styles, iliwafanya vijana wengi waishike sindano kuiiga, hata kampuni ikatoa maelekezo ya kuifuma bure na jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London likaihifadhi moja. Sweta yenyewe ilifumwa kwa sindano mbili, siyo kroshia. Walioiiga kwa ndoano hawakujali, na sisi hatuoni kwa nini wangejali.

Baada ya hapo kila kampuni ya nguo za haraka ilitaka viraka. Wengi wa watengenezaji wa Shein wako Panyu, kusini mwa mji huu huu. Novemba 2021 shirika la Public Eye la Uswisi lilitoa ripoti kuhusu karakana ndogo zinazoishonea kampuni hiyo, ikisema wafanyakazi waliohojiwa walifanya kazi kama saa 75 kwa wiki. Tunayataja hayo kwa sababu mama wa Tanga alikuwa na matumaini kwamba China ni mashine. China ni mashine, lakini pia ni watu wanaoinama.

Mwenye duka, hata hivyo, hakutaka kumpoteza mteja. Alikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, aitengeneze kwa mashine ya lesi: miraba ichapwe ionekane kama miraba, kitambaa kiwe kimoja, kamba ya katikati iwe pambo. Bei ilikuwa chini ya robo ya ile aliyokuwa ameipangia Tanga. La pili, kazi ipelekwe kwa wanawake wa vijijini ambao hufuma majumbani na kulipwa kwa kipande. Bei ya pendekezo hilo ikawa karibu sawa na ya Tanga, na asingeweza kuwaona wafumaji wala kujua wamelipwa nini.

Tulikaa kwenye kibanda cha tambi tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Mraba mmoja kwa mkono mwepesi ni dakika 40. Miraba 24 ni saa 16. Kuunga, kupiga pindo na kutengeneza kamba ni saa 4 nyingine. Nguo moja ni saa 20, kwa hiyo nguo 300 ni saa 6,000. Wanawake kumi, kila mmoja akifuma saa 6 kwa siku baada ya kazi za nyumbani, watamaliza kwa siku 100 bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, bila mtoto kuugua, bila Ramadhani. Mama aliitazama risiti kwa muda mrefu. "Mwanangu," alimwambia kijana wa Ujiji, "hizi saa zote nilikuwa nazifanya bila kuzihesabu."

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililomfanya kijana awe na wasiwasi kule kwenye ngazi. Wakati nguo iko mezani, msaidizi wa duka alikuwa ameipiga picha kwa simu, mara tatu, pamoja na ile sehemu ya kamba. Ni kinyume cha sheria ya soko lenyewe. Katika majengo haya vibao vya kukataza picha viko kila mahali, na mwenye duka anaweza kukufukuza ukiinua simu mbele ya magauni yake mapya, kwa sababu jirani akiiona leo, keshokutwa anaiuza. Vibao hivyo humlinda muuzaji. Mnunuzi mwenye nguo yake mwenyewe havimhusu.

Kijana alidai picha zifutwe. Zikafutwa mbele yetu, kwa tabasamu. Kama zilikuwa zimekwisha tumwa mahali, hakuna aliyeweza kujua.

Je, sheria haimsaidii? Tuliliangalia jambo hili kwa makini, maana wasomaji wetu wengi ni wafanyabiashara. China inalinda umbo la bidhaa kwa kulisajili, na tangu tarehe 1 Juni 2021 ulinzi huo ni wa miaka 15. Mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga pia na mkataba wa Hague unaorahisisha usajili wa kimataifa wa maumbo. Lakini mgeni asiye na makazi wala ofisi China hana budi kupitia wakala wa huku, ambaye hulipwa. Na umbo lazima liwe jipya, yaani lisiwe limeonyeshwa hadharani popote duniani kabla ya maombi, isipokuwa katika hali chache sana. Nguo ya mama huyu ilikuwa imekwisha wekwa kwenye Instagram na binti yake, ikapendwa na kupongezwa. Kila pongezi ilikuwa ushahidi dhidi yake. Tungeomba wabunifu wa kwetu, kuanzia wale wanaopanda jukwaani katika Wiki ya Mitindo ya Waswahili iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam mwaka 2008 hadi wa vibarazani, wawatafute wanasheria kabla ya kuwatafuta wapiga picha. Tunajua ushauri huu ni rahisi kuutoa.

Siku mbili zilizofuata hakununua kitu. Alizunguka Liuhua kama mwanafunzi, na tukajifunza kwake jinsi fundi anavyotafuta fikra kwenye nguo za watu bila kuziiba. Rangi hakuzitazama sana, kwa kuwa anasema rangi ya msimu hufa na msimu wake. Alitazama viungo. Kwenye gauni moja la hariri ya bandia aliona kanda za mabega zinapishana mgongoni na kurudi kufungwa mbele, akapima kwa shubiri kwa kuwa picha haziruhusiwi, akaandika kwenye daftari la shule la mistari. Kwenye koti la mvua aliona kamba ya kiunoni inayopita ndani ya pindo ili isipotee, akacheka peke yake. Kamba yake huchomoka ikapotea, na wateja wawili walikwisha lalamika. Kwenye duka la nguo za watoto alikaa nusu saa akiangalia vifungo vya kubana.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kroshia.

Siku ya saba tulivuka Mto Zhujiang kwenda soko la vitambaa la Zhongda, lililopata jina kutokana na chuo kikuu cha Sun Yat-sen kilicho jirani. Hapo kuna kila kitu ambacho nguo huanzia: vitambaa kwa marobota, zipu kwa kilo, uzi. Nyuma yake ni Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, ambako karakana za kushona zimebanana kiasi kwamba jua haligusi ardhi. Wengi wa mafundi wake wametoka mkoa wa Hubei, na Novemba 2022 waligonga vichwa vya habari duniani walipobomoa vizuizi vya karantini katika wilaya hiyo ya Haizhu. Tulipopita, kwenye kona moja mabosi walikuwa wamesimama wakining'iniza sampuli za nguo, na vibarua wakizikagua na kubishana bei ya kipande kabla ya kukubali kazi. Mama aliwatazama sana hao. "Hawa wanaiona nguo kwanza," alisema, "ndiyo wanasema bei. Sisi tunaambiwa bei, ndiyo tunaoneshwa nguo."

Kwenye duka la uzi tulimkuta bibi wa Kichina wa umri kama wake akifuma kikapu kidogo cha rangi ya waridi huku akingoja wateja. Mama alitoa sindano yake mkobani. Hapakuwa na haja ya kijana wa Ujiji. Bibi wa Kichina hushika ndoano kama kalamu, wa Tanga huishika kama kisu cha kukatia mchicha, na kila mmoja alijaribu ushikaji wa mwenzake akashindwa. Lakini alipomwonyesha ule ujanja wa kugeuza kazi kila mzunguko, bibi alirudia mara moja tu akaupata. Tulimwuliza mama baadaye kama hakuogopa. Alisema kugeuza kazi alifundishwa na mtu, na huyo naye alifundishwa.

Alijaribu uzi wa aina sita. Uliomvutia macho zaidi ni ule unaoitwa pamba ya maziwa, laini kama shavu la mtoto, lakini alipouchoma ncha kwa kiberiti uliyeyuka ukafanya punje ngumu, dalili ya nailoni na jamaa zake. Akachukua pamba tupu. Hapa tulishindwa kunyamaza, tukamkumbusha kwamba Shinyanga na Simiyu wanalima pamba, na kwamba sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Alijibu kwamba analijua hilo tangu darasa la nne, na kama tuna kiwanda mfukoni tumpe.

Nguo moja hula gramu 400 za uzi. Nguo 300 zingetaka kilo 120. Fedha ya kikundi, baada ya kuondoa nauli, kago na ushuru, ilitosha kilo 60, yaani nguo 150, na mifuko miwili ya vifungo vya kubana.

Na alinunua kitu kingine, ambacho hakutaka kwanza tukiandike, kisha akaruhusu. Alirudi Liuhua, kwenye duka lile lile, akachukua blauzi 80 za mashine, zile za kuiga kroshia. Ndizo zitakazolipa tiketi yake. Kijana wa Ujiji alimwuliza atawaambia nini wateja wa Ngamiani.

"Nitawaambia ni za mashine."

"Na wakisema ni sawa tu, mama? Wakisema nzuri hizi, za nini zile za bei?"

Hakujibu. Alikuwa akisimamia upimaji wa mzigo kwenye ofisi ya kago karibu na Barabara ya Guangyuan, na mizani ilikuwa imeonyesha kilo 62 kwenye robota la uzi lililotakiwa kuwa 60. Alitaka lifunguliwe lipimwe upya bila maboksi. Mpimaji akanung'unika, akalifungua. Sampuli ya miraba 24 ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba wake wa mkononi, chini ya pasi ya kusafiria, na kila alipoinama kutazama mizani aliubana mkoba huo kwa kiwiko.